Pini ya Kati

Pini mbili za pembeni zilitoka bila taabu. Ile ya kati ilitoka ikiwa na joto na unyevu, kama kitu kilichotolewa kinywani mwa mtu.

Njuki aliitazama kiganjani. Katika kibanda nyuma ya nyumba yake mtaani Majimbo, Embu, alikuwa akifufua nyembe za zamani za kukunja. Hukwangua kichwa cha pini kwa tupa, akaweka juu yake panchi, kile chuma chembamba cha kusukumia pini, kisha akagonga kwa nyundo ndogo hadi mpini uachane na chuma. Wembe huu uliletwa asubuhi hiyo na Mwiti, kinyozi wa Kianjai, aliyeurithi kwa babu yake.

"Baba Njoki, unanyoa nani huko?" mkewe Wambeti aliuliza kutoka jikoni, akimwita kwa jina la binti yao.

"Sinyoi mtu."

"Mbona nasikia wembe?"

Hapo naye akausikia. Kwaru. Kwaru. Ulipita polepole kwenye ndevu ngumu, ilhali wembe wenyewe ulikuwa vipande mezani. Ikaja harufu ya sabuni, na chini yake harufu ya damu.

Wambeti akatokea mlangoni, mkono shingoni.

"Kuna mtu amenishika kidevu," alinong'ona. "Ameniinua uso, vile kinyozi hufanya."

Alipoondoa mkono, Njuki aliona mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, kutoka sikioni hadi kooni. Akampigia Mwiti simu. Aliyejibu ni mamake Mwiti, Ntinyari.

"Umetoa ile ya kati?"

"Nimeitoa, mama."

"Baba mkwe wangu alimkata mteja koo na huo wembe, akalia akisema haukuwa mkono wake. Mganga alisema ni jini, akalifungia ndani ya mpini kwa hiyo pini ya shaba. Sasa toa bibi yako kwa nyumba. Tia pini ingine ya shaba, uigonge mpaka ishike. Ukisikia unaitwa, usigeuke. Na usijibu."

Njuki alimpeleka Wambeti kwa jirani yao Peninah, akarudi mbio. Akakata waya wa shaba, akaupitisha kwenye tundu la mpini, akaanza kugonga.

"Baba Njoki." Ilikuwa sauti ya Wambeti, nyuma yake kabisa. "Ananikata."

Akagonga, jasho likimwingia machoni, na sauti ikamsihi kwa Kiembu, ikataja mambo ambayo mke na mume huambiana wakiwa peke yao, ikaanza kukoroma kama koo linalojaa maji, na kitu baridi kikamgusa chini ya kidevu na kuanza kumwinua uso taratibu, naye akakaza shingo, akagonga, akagonga, hadi kichwa cha pini kikatandaa na kushika.

Kukawa kimya. Harufu ikaisha.

Alimkuta Wambeti ameketi kwa Peninah, ule mstari umefutika shingoni. Njuki akamkumbatia, akacheka kwa machozi. "Imeisha, mama. Imeisha."

Wambeti akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Tulikuwa tunaongea tu," Peninah alisema. "Ulipoanza kugonga, sauti ikakatika, kama redio imezimwa."

Walirudi kibandani wakishikana mikono. Wembe ulikuwa mezani, umekunjwa.

"Baba Njoki," uliita kutoka ndani ya mpini, kwa sauti ya Wambeti. "Nitoe."

Njuki akanyakua tupa akwangue tena kile kichwa cha pini. Wambeti akamdaka mkono, akatikisa kichwa kwa nguvu, machozi yakimtiririka. Aliona heri akae bubu kuliko kukifungulia kile kitu mlango. Njuki akaweka tupa chini.

Ile sauti ikaacha kumwita. Ikaanza kumwita binti yao aliyekuwa shule ya bweni. "Njoki," ilisema, kwa upole wa mama anayeamsha mtoto. "Njoki, kuja nyumbani."

Simu ya Njuki ikalia mfukoni. Alikuwa matroni wa shule.

"Baba Njoki, samahani. Msichana wenu yuko hapa getini na sanduku lake. Anasema anasikia mama yake akimwita. Tumwachilie?"

Wambeti akaipokonya simu. Akafungua mdomo kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mishipa ikamtoka shingoni.

"Mwachilie aje," ikajibu sauti yake kutoka mezani.