Uso Bila Ukungu

Jumamosi saa tano asubuhi, duka la vyombo vya umeme limefurika. Ukutani runinga thelathini zinaonyesha tamthilia moja, na mbele yake amesimama mwanamke mwenye gauni la samawati, kitambaa cha hariri shingoni, miwani mikubwa ya jua usoni. Alikuja kununua pasi. Pasi ameshaisahau.

Kwenye runinga zote thelathini, mama mkwe anamwambia mumewe kwamba anaondoka. Sauti ni ya huyu mwenye miwani. Uso unaoonekana ni wa mume: paji lake, macho yake, kidevu chake kinachotetemeka. Mama mkwe ni mgongo tu, na mikono inayoosha sahani.

"Sasa mimi niko wapi hapo?" yule mwanamke alijiuliza kwa sauti.

"Nimekukata," alijibu mwanaume aliyekuwa pembeni yake, ameshika waya wa mita tatu.

Mwanamke akageuka. "Umesemaje?"

"Samahani, dada. Mimi ni mhariri wa picha. Wananiita Mkasi. Miaka mitatu nakutazama kila siku kwenye mashine, wewe hujaniona hata mara moja."

"Kumbe mwuaji wangu ni wewe! Na hilo shati limetafunwa na nani?"

"Ndiyo maana nimesimama karibu na pasi."

Akacheka, akavua miwani. Mkasi, aliyeujua uso ule vipande vipande, akauona mzima. Akasahau kulipia waya.

Uso huo una historia. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili, kamera ilimwanzia kwenye vidole vya miguu, ikapanda taratibu kama inzi juu ya embe, na hakuna aliyeuliza yeye anaona nini. Alipofika arobaini ikamsukuma nyuma, karibu na pazia. Sasa ana arobaini na minne. Mumewe wa kwenye tamthilia ana sitini na miwili, na kamera inamfuata mpaka kwenye vinyweleo vya pua. Kwa wakubwa wa kazi hii, makunyanzi ya mwanaume ni hekima, ya mwanamke ni uzembe. Hakuna kikao kilichowahi kuipitisha sheria hiyo, lakini wote wanaitii.

Simu zikaanza. Kila siku saa saba mchana yeye alipiga kutoka chumba cha kuvalia, Mkasi akapokea mlio wa kwanza.

"Halo, mama mkwe wa nchi nzima."

"Koma! Huyo mwanangu wa kwenye tamthilia nimempita miaka minne. Ningemzaa na meno ya utoto?"

"Nikuiteje basi?"

"Niite mpenzi, uone kama sitakata simu."

"Mpenzi."

Hakukata.

"Jana ulivuta pumzi kabla ya kusema 'sitaki'," Mkasi alimwambia siku nyingine. "Nimeirudia mara kumi na moja."

"Hiyo ni kazi au wazimu?"

"Nilianza na kazi."

Hakuna mwanaume aliyewahi kumsikiliza mpaka pumzi. Usingizini alikuwa akitabasamu.

Kisha ikaja sehemu ya tisa. Mama mkwe amekuja kuchukua nguo zake. Siku hiyo alikataa poda, akakataa wanja, akamwambia mpiga picha, "Njoo mpaka unione ninavyofikiri." Kamera ikaja. Dakika nzima, uso mtupu, na mafundi waliozoea kusinzia wakaacha kutafuna.

Mchana akapiga simu. "Mkasi, niahidi. Usiniguse."

"Sikugusi."

"Kwenye picha, nimesema."

"Hayo mengine tutazungumza."

Wakacheka wote wawili.

Kesho yake mtayarishaji, bwana wa tai nyekundu anayebisha hodi akiwa tayari ndani, akaitazama ile dakika. "Nani anataka kuona mikunjo hii akiwa mezani? Mlainishe. La sivyo namuua. Apigwe na kiharusi sehemu ya kumi na nne, tuzike, yaishe."

Mkasi akaogopa. Akaketi siku mbili kwenye mashine akimpaka ukungu usoni, mstari kwa mstari, kwa upole wa mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Wala hakumwambia.

Mwanamke aliiona ile sehemu sebuleni kwa dada yake. Mtoto wa dada akapiga makofi: "Mama mdogo, umekuwa kama mwanasesere!" Dada mtu akasema, "Lakini umependeza." Hilo ndilo lililomchoma.

Akatoka uani na simu.

"Mkasi, yule nani?"

"Mpenzi, nisikilize. Walitaka kukuua."

"Nimekuuliza yule nani."

"Nilitaka ubaki."

"Amebaki nani? Mistari ile niliipata nikimuuguza mama miaka sita. Umeifuta kama masizi. Wale wengine hawanijui, siwadai kitu. Wewe ulikuwa unanijua."

Simu ikakatika, ikabaki hivyo siku thelathini na nane.

Kila siku Mkasi alimwona. Aliweza kumsimamisha, kumrudisha nyuma, kumchekesha mara mia. Kumfanya aseme "Halo, Mkasi" mashine haikuweza. Saa saba mchana alikuwa akiiweka simu mezani na kula huku ameikodolea macho. Mwenzake naye, kwenye chumba cha kuvalia, aliilaza yake kifudifudi, akaiinua kuona kama imelia, akailaza tena. Siku moja ya mapumziko alivaa lile gauni la samawati, akaketi kitandani nusu saa, akalivua.

Katika sehemu ya kumi na tatu, mume alitakiwa kumkumbuka mkewe. Mkasi akaitoa ile dakika ilivyopigwa, bila ukungu, bila kuingiza uso wa mume hata sekunde. Akaipeleka kituo cha runinga. Iliporushwa, akaenda mwenyewe kwa bwana wa tai nyekundu.

"Nimeiacha ilivyo."

"Wewe umefukuzwa. Na yule amekufa."

"Sawa. Ila watu wamemwona."

Wiki iliyofuata Mkasi alikwenda kurudisha funguo, akakuta wanapiga picha za msiba. Mama mkwe amelazwa kitandani, shuka jeupe mpaka kidevuni, waombolezaji wa kukodi wakinong'ona. Kamera imening'inia juu ya uso wake, karibu kabisa. Alilazimika kufa ndipo imsogelee.

Mkasi akapenya katikati ya waombolezaji, akapiga magoti.

"Niliiona," marehemu alisema bila kufumbua macho.

"Maiti haongei."

"Na aliyefukuzwa haingii. Umefuata nini?"

"Kuomba radhi. Niliogopa kubaki na mashine bila wewe. Niliogopa kwa ajili yangu, nikajidanganya ni kwa ajili yako."

Marehemu akasema polepole: "Dada alinipigia, analia. Anasema ameona sura ya mama."

"Kimya huko!" mwongozaji alifoka. "Marehemu, tulia!"

Mkasi akainama sikioni. "Nataka nikuoe."

"Leo? Si unaona nimekufa?"

"Nitasubiri wakuzike."

Shuka likaanza kutikisika tumboni. Waombolezaji wakatazamana. Machozi yakamchuruzika marehemu hadi masikioni, na haikujulikana ni ya kicheko au ya nini.

"Kata! Nani anamchekesha maiti?"

Binti wa vipodozi akaja mbio na poda. Mwanamke akaukamata mkono wake hewani. "Acha, mwanangu."

Akaketi, nywele timtim, taa zote zikimmulika, kila mkunjo wa uso wake mahali pake. Akamkazia macho mwanaume aliyepiga magoti.

"Sogea, Mkasi. Karibu zaidi. Nitazame vizuri, halafu useme tena."

Mkasi akasogea. Akamtazama mpaka mwongozaji mwenyewe akanyamaza. Akasema tena.