Miadi ya Mama na Laini ya Kujaribia

Asubuhi ile ghorofa ya chini ya jengo la maduka ilifurika watu, utadhani ugonjwa umeambiwa usubiri nje mlangoni. Wengine barakoa zilikuwa kidevuni, na mlinzi alikwisha kuchoka kuwakemea. Katika msukumano huo akapenya dada mmoja mwenye gauni la njano la maua meupe, na barakoa ya kitambaa hicho hicho. Akaiweka simu yake mbele ya fundi wa simu, kibandani mwake.

"Kaka, kioo kimeharibika. Nikigusa huku, inafungua kule."

Majirani wa vibanda walimwita fundi huyo Bisibisi, kwa kuwa hakukosa bisibisi moja nyuma ya sikio. Aliitazama simu kidogo, kisha akamtazama mwenye simu kwa muda mrefu zaidi. Alichoona ni macho tu, na yalimtosha.

"Itapona. Una haraka?"

"Sana. Nafasi za chanjo zimefunguliwa leo mtandaoni, na mama yangu ana pumu. Tangu ugonjwa uingie hajavuka kizingiti. Mimi nashonea nyumbani, wateja wanaingia na kutoka. Naogopa nitamletea mimi mwenyewe." Sauti ikampungua. "Akikosa nafasi hii, sijui nitafanya nini."

Bisibisi akabadilisha kioo. Halafu, kama alivyoifanyia kila simu iliyopita mikononi mwake, akatia laini yake ya kujaribia, laini kuukuu aliyoiweka kwa ajili ya kupima mtandao. Mtandao ulipokubali, akaufungua ukurasa wa chanjo hapo hapo. Dada akataja jina la mama yake, umri na maradhi, fundi akajaza. Alipofika penye namba ya simu hakuuliza. Vidole vilikwenda vyenyewe kwenye namba ile ya kujaribia ambayo huiandika kutwa nzima. Mazoea yana taabu, na taabu hiyo siku ile hakuna aliyeiona.

"Ombi limepokelewa. Tarehe na saa zitakuja kwa ujumbe," alisema, akiitoa laini yake na kumrudishia ya kwake. "Vuta subira tu, Bi Njano."

"Bi Njano ndiye nani?"

"Jina lako silijui. Gauni ndilo lililojitambulisha."

Dada alicheka nyuma ya barakoa, na macho yakamsaliti. Namba yake akaiacha, "ikiwa kuna tatizo la kioo." Jioni tatizo likapatikana.

"Kioo kizima?" Bisibisi aliuliza.

"Kizima."

"Hakijakwaruzika?"

"Hakijakwaruzika. Fundi, wateja wako wote unawapigia hivi?"

"Wengine vioo vyao havininyimi usingizi."

Basi simu zikawa ndiyo desturi yao. Siku moja walikunywa chai kwenye benchi la nje, kila mtu kwenye ncha yake, na barakoa zikashuka kwa mara ya kwanza.

"Kumbe una mwanya," alisema Bisibisi, akasahau chai.

"Nisingekuwa nao, ungenirudisha dukani?"

"Ningekuchukua hivyo hivyo, laazizi. Huu ni nyongeza."

Lakini ujumbe wa chanjo haukuja. Kila Njano alipouliza, mpenzi wake alimjibu avute subira. Siku moja jirani yake aliyejisajili baada yao akarudi amekwisha kuchanjwa, akilalamikia mkono kwa fahari. Njano akaufungua ukurasa ajaribu upya: nafasi zimejaa, usajili umefungwa. Mama alikuwa chumbani akikohoa. Njano akatoka moja kwa moja hadi kibandani.

"Niambie ukweli. Ulituma lile ombi?"

"Nilituma. Naapa."

"Mbona wenzetu wanaitwa? Ulinishika kwa maneno matamu, mama yangu ukamfanya kisingizio cha kunipigia kila jioni. Vuta subira, vuta subira. Subira yangu imekatika."

"Njano, mpenzi, sikiliza..."

"Usinipigie tena. Namba yako naifuta."

Akaondoka. Bisibisi alipiga, akakatiwa; akapiga tena, akakatiwa. Chakula kilimshinda. Alirudia kichwani kila alichokifanya siku ile na hakuona kosa, maana mkono uliozoea haumwambii mwenyewe ulilolifanya.

Kosa likajionyesha lenyewe asubuhi moja. Alitia laini ya kujaribia kwenye simu ya mteja, nayo ikaanza kulia mfululizo. Meseji za laini hiyo huwa hazisomi, ni matangazo matupu. Safari hii ya juu kabisa ilikuwa kumbusho: miadi ya chanjo ni leo, mwisho saa sita mchana, asiyefika nafasi yake atapewa mwingine. Chini yake kulikuwa na jina la mama yake Njano.

Akapiga kwa simu yake, akakatiwa. Ndipo akapiga kwa laini ile ile.

"Haloo?" Njano alijibu namba asiyoijua.

"Usikate. Nitukane baadaye. Mama ana miadi leo, kabla ya saa sita. Ombi lilikwenda, ila namba niliandika hii ya kazini. Kosa ni langu lote."

Sauti ya Njano ikawa ndogo: "Leo hii?"

"Leo hii. Mvishe mama, nakuja na teksi."

Mama alitoka na gauni lake la kijani la sherehe, barakoa mbili na kikohozi kimoja, akimkagua kijana kuanzia viatu hadi bisibisi ya sikioni. Njiani Njano alimpa fundi kisogo. Alishika mkono wa mama yake na kuangalia saa. Walifika foleni ikiwa bado ipo. Sindano ilipoingia, mama hakukunja hata uso. Aliyelia ni Njano, akiwa amesimama ukutani, mzigo wa miezi ukimshuka mabegani.

"Nisamehe," Bisibisi alinong'ona.

"Nimeshakusamehe tangu kwenye teksi. Nilikuwa nakuacha uive kidogo."

Muuguzi akainua kichwa. "Tarehe ya dozi ya pili tutaituma kwa simu. Niandike namba ya nani?"

"Ya huyu kijana," alisema mama. "Safari hii atakuwa macho."

"Ni nani wako, mama?"

Mama akamgeukia binti yake. "Muulize huyo."

Njano alifuta machozi, akaiweka sawa barakoa yake ya njano. "Andika mkwe," alisema.

Bisibisi alipotakiwa kutaja namba, ulimi ukaanza na ile ya kujaribia.

"Siyo hiyo," Njano akamkatiza. Akaitaja ya mpenzi wake, tarakimu moja baada ya nyingine, bila kufikiri wala kuangalia simu.

"Si ulisema umeifuta?"

"Niliifuta kwenye simu."