Piano ya Mzee Moffat

Sauti ya piano ilimtangulia mpigaji. Moffat alisikia hivyo alipocheza ile rekodi sebuleni kwake Tetu: watu wanapiga makofi, yeye mwenyewe anakohoa akipanda jukwaani, na piano tayari inalia.

"Ni mashine tu," akajiambia. Mashine, wapi!

Walikuwa watatu mchana ule, katika hoteli moja mjini Nyeri, wakirekodi jazi mbele ya watu: Moffat kwenye piano, Ayub kwenye besi, Kinyua kwenye ngoma. Moffat alikuwa mzee, vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi, na alijua hiyo ndiyo rekodi yake ya mwisho. Kabla ya kuanza alimwaga bia kidogo sakafuni kwa ajili ya Mutahi, mpiga besi wao aliyefariki. Desturi ni kumwita marehemu kwa jina. Lakini mkewe Nduta, Mama Kagure, ameokoka, na alikuwa ameketi mbele kabisa na akina mama wa kanisa. Moffat akaona haya. Akanong'ona tu, "Wewe uliyezoea, njoo tucheze."

Na kitu kikaja, jamani. Piano ya kwenye rekodi ilikuwa tamu kuliko yote aliyowahi kupiga, hata ujanani. Aliisikiliza akalia kwa furaha. Alipoirudia, sebule ikanuka udi na nywele zilizoungua, kucha zikasikika zikikwaruza chini ya muziki, kisha pumzi ya moto ikatua sikioni mwake, polepole, ikifuata mapigo ya ngoma, na kadiri alivyoogopa ndivyo piano ilivyozidi utamu, hata aliponyoosha mkono azime, kidole gumba kikakataa kukunjika, kimekufa kabisa.

Ayub akamleta mjomba wake, Mzee Othmani wa Majengo, anayetoa majini. Othmani alisikiliza kidogo tu, akazima.

"Ulimwita nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Sikutaja jina. Niliogopa Mama Kagure."

"Basi kaja jini aliyekuwa karibu. Naweza kumtoa, ila ataondoka na alichopiga, ibaki piano yako wewe. Ukimwacha, kila mara rekodi hii ikichezwa, atachukua kidole."

"Na yangu ilikuwa aje?"

Ayub akaangalia chini. "Mzee, ulikuwa unakosea. Sana."

"Mtoe!" Nduta akasema. "Hata kwa Kurani, mtoe! Baba Kagure, ati utakula na nini?"

Moffat akakumbuka maisha yake yote kwenye mabaa, akipigia watu waliompa mgongo wakitafuna nyama.

"Mwache," akasema.

Redio ikaipenda hiyo rekodi. Ikaicheza asubuhi, ikaicheza jioni, wiki baada ya wiki.

Siku moja ikiwa hewani, simu ya Moffat ikalia. Nduta akaishika, akamwekea sikioni.

"Mzee, nakupigia kutoka Mukurweini! Hiyo mikono, Mungu akuwekee!"

"Asante," Moffat akajibu. Kisha akafungua mdomo, na Nduta akamtilia kijiko kingine cha uji.