Mikono ya Upande wa Pili

Siku ya tatu tangu homa imwache, mtoto hakulilia ziwa. Elmas alimpakata, akamtia chuchu kinywani. Yaşar akageuza uso, ameshiba. Pumzi yake ilinuka jiwe lililolowa.

"Huyu anakula kwa nani?" akacheka Hanife, mama mkwe wake. "Mashavu kama mikate, na wewe umekauka kama kuni!"

Elmas hakucheka. "Mama, nilimpitisha kwenye jiwe."

Juu ya kijiji, watu wa kabla ya Vitabu walichonga mwambani mwanamke aliyeketi kati ya simba wawili, wakamwita Mama wa wote, na chini yake wakatoboa tundu. Wanawake bado waliwapitisha humo watoto wagonjwa, kwa siri: mama husukuma, mwenzake hupokea.

"Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu. Nilimwogopa Sheikh Nurettin."

"Basi nani alimpokea?"

Elmas alitazama sakafu. "Niliona mikono. Nilidhani ni wewe, umenifuata."

"Mimi nilikuwa shambani, mwanangu," akanong'ona Hanife. "Na anayepokea ndiye anayezaa."

Mama wa Musa alimtia mwanawe mtoni kwa amri ya Mola wake, akarudishiwa. Elmas hakuwa na amri. Alikuwa na hofu tu, na nani kati yetu hakuwahi kuogopa?

Sheikh aliposikia, alilia kabla ya kukemea. "Ulikuwa na Mlango usiofungwa, binti yangu. Kwa nini ukabisha jiweni?" Kisha akachukua msahafu. "Twendeni. Tumrudishe alikopitia."

Adhuhuri walipanda, Hanife akasimama na mtoto upande ule alikopokewa, Elmas upande alikomwachilia, na sheikh akasoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti iliyozidi kufifia huku mtoto akisukumwa polepole ndani ya tundu lisilozidi urefu wa mkono, na Elmas akaingiza mikono yake akagusa nguo, akagusa ujoto, kisha akagusa vidole vingine, vipana, vya baridi, vilivyomshika kiganja kwa upole, kama jirani anayemwambia mwenzake asihangaike tena, na vilipomwachia akavuta kwa nguvu zake zote, zikatoka nguo tupu za mtoto, zimelowa maziwa.

"Mama, unaye?"

"Si nimekupa wewe!"

Sheikh alitega sikio tunduni. Ndani ya jiwe walimsikia mtoto akinyonya kwa pupa, na kifua cha Elmas, kilichokauka siku zote zile, kikaanza kutiririka.