Sauti ya Kuazima

Mama alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha. Kutoka pale aliiona barabara yote. Alijua nani amehama, nani amenunua kitanda kipya, na nani wamenuniana. Watu walisema ana umbea. Yeye alisema umbea ni kusema, na yeye alikuwa anauliza tu. Kweli, kwa kuuliza hakuwa na mpinzani. Mteja aliingia kupimwa suruali, akatoka amesimulia maisha yake yote.

Mama alikuwa na vijana wawili. Mkubwa alisoma afya ya jamii chuo kikuu, akahitimu. Nyumbani walimwita Dokta, ingawa hakuwa daktari. Mdogo aliuza simu dukani. Huyo alizungumza tangu anaamka mpaka analala, kwa hiyo wakamwita Redio.

Dokta alikuwa na kigugumizi. Maneno alikuwa nayo, tena mengi, lakini mengine yalikwama njiani. Basi nyumbani walikuwa na desturi ya kumsaidia. Dokta akianza kusema, Mama anamalizia. Mama akikosea, Redio anarekebisha. Siku moja wakiwa mezani Dokta alifungua mdomo kusema jambo. Mama akamsogezea chumvi. Redio akamsogezea maji. Kumbe Dokta alitaka kuuliza habari za mpangaji mpya wa jirani. Akatia chumvi, akanywa maji, akanyamaza.

Jumatatu moja Dokta alipata ujumbe wa kumfurahisha. Lilikuwapo shirika la afya lililozunguka mitaani likiwapima watu shinikizo la damu na kisukari bila malipo. Shirika hilo lilitafuta wahitimu wachache wa kufundishwa kazi kwa mwaka mzima, huku wakilipwa. Dokta alikuwa ameomba nafasi hiyo. Sasa shirika lilimwambia kwamba amevuka hatua ya kwanza. Hatua ya pili ilikuwa usaili wa simu, siku ya Alhamisi.

Kusikia habari ya simu, wote watatu walinyong'onyea. Kwenye simu kigugumizi cha Dokta kilizidi. Aliwahi kupigiwa simu za kazi, na kabla hajamaliza kutaja jina lake, upande wa pili walikata. Labda walidhani mtandao ni mbovu. Dokta hakuwahi kujua. Alichojua ni kwamba hawakupiga tena.

Redio ndiye aliyekuja na mpango. Sauti yake na ya kaka yake zilifanana mno. Dokta alipoimba bafuni, maana akiimba hakukwama hata kidogo, Mama alidhani ni Redio.

"Wewe andika majibu, mimi nitayasema," Redio alimwambia. "Ukishaingia kazini, nani atajali?"

Mama alifurahi. Aliona mwanawe ameokoka. Dokta aliinamisha kichwa. Hakukubali, wala hakukataa, na Mama akachukulia kwamba amekubali.

Hata hivyo, Mama hakutulia. Alitaka kujua usaili unakwendaje. Nani anauliza? Anauliza nini? Wanamwona mtu vipi kwenye simu? Bahati nzuri, kesho yake Mama Pacha alikuja kujaribu gauni lake. Mama Pacha alikaa nyumba ya tatu, na alifanya kazi ofisi ya ajira ya hospitali kubwa. Watu walipoenda kuomba kazi, yeye ndiye aliyekaa upande wa pili wa meza.

Mama alimvalisha gauni, akaanza kulibana kwa pini, kiunoni na mabegani. Mtu aliyejaa pini hawezi kukimbia maswali.

"Hivi, Mama Pacha," alianza, "mtu akiwa na kigugumizi, halafu ndugu yake akamsemea kwenye simu ya usaili, mnaweza kugundua?"

"Mtu gani huyo?"

"Mtu tu. Wa mbali."

Mama Pacha alimtazama kwenye kioo. "Huyo mtu wa mbali amehitimu afya ya jamii?"

Mama alichomoa pini moja, akairudisha palepale. Ikabidi aeleze yote. Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Fundi, njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Siku ya kwanza kazini atafungua mdomo, na watajua. Watamwondoa. Wala si kwa sababu ya kigugumizi, ni kwa sababu amewadanganya. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na wewe nguo ndiyo kazi yako."

"Sasa afanyeje? Wakimsikia watakata simu."

"Awaambie mapema."

Mama Pacha alieleza polepole, huku amesimama wima asichomwe. Alisema mwombaji wa kazi anaweza kuomba mpangilio unaomfaa kabla ya usaili. Asiyesikia anaweza kuomba mkalimani wa lugha ya alama. Anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kuomba chumba kisicho na ngazi. Asiyeona vizuri anaweza kuomba karatasi yenye maandishi makubwa. Mwenye kigugumizi anaweza kuomba usaili wa ana kwa ana badala ya simu. Anaweza pia kuomba muda zaidi, na wasaili wasimkatishe. Maswali ni yaleyale kwa wote. Kinachobadilika ni njia ya kuyajibu.

Mama hakuridhika. "Mimi naona huko ni kuomba huruma."

"Akija mteja mfupi, gauni lake unalifanyaje?"

"Nalipunguza pindo."

"Kwa hiyo unamhurumia?"

"Simhurumii. Nimempima tu."

"Haya," alisema Mama Pacha. "Na hao wanataka kumpima kijana wako. Sasa watampimaje kwa mwili wa Redio?"

Mama alicheka, ingawa hakupenda. Mama Pacha naye akapata zamu ya kuuliza. Alitaka kujua Dokta akianza kuzungumza nyumbani, wao hufanya nini. Mama akajibu kwa fahari kwamba humsaidia. Humalizia maneno yake, asihangaike.

"Mnajuaje alichotaka kusema?"

Mama alijua habari za mtaa mzima. Alijua mpaka bei ya kitanda cha jirani. Lakini hakukumbuka ni lini alimsikia mwanawe akisema jambo lake mpaka mwisho. Aliona aibu, tena aibu ya kuuma. Halafu, kwa kuwa Mama ni Mama, akaanza kutaka kujua.

"Fundi," alisema Mama Pacha, "nitoe pini kwanza, ndipo uwaze."

Mchana ule Dokta alikuwa kwenye meza ya kukatia vitambaa, akiandika majibu ya kumpa Redio. Mama alikuwa anapinda mikono ya shati. Akamuuliza, "Mwanangu, hili la Redio kukusemea, wewe mwenyewe unataka nini?"

Kisha akatia pini mdomoni. Mafundi hushika pini kwa midomo wanapofanya kazi, lakini siku hiyo Mama alitia nyingi kuliko shati lilivyohitaji. Alijua bila pini hataweza kunyamaza.

Dokta alimtazama, akangoja amalizie. Mama hakumalizia. Basi Dokta akaanza. Ilichukua muda. Mara mbili neno lilikwama, na mara zote mbili Mama alidhani analijua. Neno lilipotoka halikuwa lile alilolidhani.

"Redio ananipenda," Dokta alisema. "Lakini nikipata kazi kwa mdomo wake, ke... kesho yake nitaenda na mdomo gani? Nataka waniite mimi. Wakinikataa, wanikatae mimi."

Mama aliinamia shati. Machozi yalikuwa karibu, na mtu mwenye pini mdomoni halii ovyo. Alifikiri bado wana siku mbili za kuliandikia shirika. Hawakuwa nazo.

Redio alikuwa ndiyo kwanza ameingia kula chakula cha mchana, na simu ya Dokta iliita pale mezani. Redio aliidaka. Alikuwa mama mmoja wa shirika la afya, mratibu wa mafunzo, akitaka kuhakikisha saa ya Alhamisi.

"Ndiyo, ndiye mimi mwenyewe," Redio alisema kwa sauti tamu. "Karibu sana."

Dokta alisimama, akanyoosha mkono. Redio alitikisa kichwa, akajigusa kifuani kuonyesha kwamba hilo amwachie yeye. Mama alitema pini kiganjani.

"Mpe mwenzio simu," alisema.

Redio aliduwaa, akaitoa. Dokta aliiweka sikioni, akavuta pumzi. Neno la kwanza halikutoka. Mama alisogea mpaka sikio lake likagusa bega la mwanawe. Upande wa pili palikuwa kimya. Mama alikijua kimya kile, ndicho kilichotangulia simu kukatwa. Alitamani kunyakua simu na kueleza kila kitu, lakini aliifumba mikono yake.

"Nipo," ilisema sauti ya yule mratibu. "Nakusikiliza. Endelea, hatuna haraka."

Dokta akaendelea. "Samahani. Aliyepokea ni mdogo wangu. Mi... mimi ndiye niliyeomba. Nina kigugumizi. Kwenye simu kinazidi."

Mratibu alimshukuru kwa kusema. Hakuficha kwamba kama ndugu yake angefanya usaili, wangelifuta ombi lake. Kisha akauliza mpangilio gani utamfaa. Dokta aliomba aende ofisini ana kwa ana, aongezewe muda, na wasaili wasimmalizie maneno. Mratibu alikubali yote matatu, akasema yeye mwenyewe atawaambia wasaili wenzake. Simu ilipokwisha, shati la Dokta lilikuwa limelowa jasho mgongoni, na alikuwa anatabasamu.

Redio alinuna kidogo. Aliuliza yeye sasa ana kazi gani. Dokta akamwambia amfanyishe mazoezi: aulize swali, kisha anyamaze. Redio akasema kazi ya mshahara ingekuwa rahisi kuliko hiyo. Lakini alikaa, akauliza, akanyamaza, akiuma kidole kila neno lilipochelewa.

Alhamisi Dokta alirudi kutoka kwenye usaili, na Mama alikuwa na maswali tele. Akauliza moja tu, akaacha shughuli, akasubiri. Dokta alisimulia yote. Wasaili walikuwa watatu, na hakuna aliyemkatisha. Walimuuliza atafanya nini na mgonjwa aliyeacha dawa na hataki kusema sababu.

"Wewe ukasemaje?" Mama aliuliza.

"Nikasema nitamuuliza kwa nini. Ha... halafu nitanyamaza mpaka awe tayari. Nikawaambia kusubiriwa nakujua."

Wiki iliyofuata shirika lilimpa nafasi. Halikumpa kwa sababu ya kigugumizi, wala halikumnyima kwa sababu hiyo. Lilimpa kwa majibu yake.

Baada ya miezi kadhaa shirika lilileta meza zake kwenye ukumbi wa mtaa. Mama alisema anaenda kupima shinikizo la damu. Ukweli ni kwamba alienda kutazama. Alimwona Dokta akimuuliza mzee mmoja kwa nini vidonge vyake vinawahi kuisha. Mzee alitazama ukuta. Dokta alisubiri. Mwishowe mzee alisema kwamba humgawia mkewe, kwa kuwa naye huumwa kichwa. Dokta akamweleza kwamba dawa ya mtu mmoja inaweza kumdhuru mwingine, akamwomba amlete mkewe apimwe.

Zamu ya Mama ikafika. Shinikizo lake la damu lilikuwa sawa. Dokta akamuuliza swali alilomuuliza kila mtu: "Kuna kingine kinachokusumbua?"

"Hakuna, mwanangu."

Dokta hakumwita anayefuata. Alinyamaza tu, akimtazama. Mama alizoea kuuliza, hakuzoea kusubiriwa. Alijitengeneza kitini, akaitazama mikono yake.

"Macho," alisema mwishowe. Akangoja Dokta amalizie, aseme ni umri. Dokta hakumalizia. Basi Mama akaendelea mwenyewe. "Siuoni uzi ninapoutunga kwenye sindano. Ni muda sasa. Nashona kwa kupapasa. Sikusema, maana wateja wakijua watakimbia, na mimi kazi nyingine siijui."

Dokta aliandika jina lake kwa daktari wa macho ambaye angekuja Jumamosi, akamwambia watakwenda pamoja. Kisha akauliza kama kuna lingine, na akasubiri tena.