Aliyemulikwa Mtoni

Lela alikuwa anamimina chai ya magharibi ukuta wa jiko ulipogeuka mweupe ghafla. Haukuwa mwanga wa taa yao ya manjano waliyoizoea. Ulikuwa weupe wenye ubluu kwa mbali, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi.

"Abang," alimwita mumewe, "umesahau kuzima taa za gari. Betri itakufa hiyo."

Zaharin alitoka na funguo mkononi. Gari lilikuwa limezimwa, boneti imepoa, taa zake nyeusi tii. Mwanga ulitoka nyuma ya nyumba, bafuni, ukipenya nyufa za mbao mpaka kwenye migomba ya jirani. Na humo bafuni alikuwa binti yao Hidayu, anaoga.

"Baba!" Hidayu alilia kutoka ndani. "Baba, zima taa! Naonekana!"

Zaharin hakuwa na taa ya kuzima. Alisimama pale na funguo zake, na mwanga ukaondoka wenyewe. Uwani ikabaki harufu ya langilangi, nzito, na mtaa mzima hapakuwa na mlangilangi hata mmoja. Zaharin akageuka kulitazama gari. Maana harufu ile aliijua.

Tusimwonee, lakini tusimfiche pia. Zaharin, mtu mzima mwenye binti wa kuposwa, alikuwa amepata wazimu wa taa. Zile balbu za kawaida za halojeni zilizokuja na gari alizing'oa, akatia balbu kali za zenoni alizonunua gulioni, akafunga na viboksi vyake vya umeme chini ya boneti kwa mikono yake mwenyewe. Vikombe vya taa, vile vinavyoelekeza mwanga, vilikuwa vile vile vya halojeni, kwa hiyo mwanga haukukaa barabarani; ulitawanyika juu ya miti, machoni mwa watu, madirishani mwa watu. Wenye pikipiki walimzomea.

"We Zaharin, umedondosha sindano?"

"Wivu huo!" naye huwajibu, akicheka.

Sasa, pale kijijini kwao Lubuk Kenanga kuna daraja dogo la mto, na kila mtu wa pale anajua adabu yake. Ukifika magharibi, unazima taa kubwa, unapiga honi mara moja, unasema, "Tunapita, bibi," kisha unawasha tena ukishavuka. Ni mahali pa watu kuoga, na hao watu si lazima wawe watu. Zaharin alifanya hivyo tangu alipojifunza kuendesha. Lakini muuza balbu alikuwa amemwonya: zenoni hazipendi kuzimwa na kuwashwa, zinakufa mapema, na zikiwashwa upya hujivuta kwanza kabla ya kukolea. Basi Zaharin akaacha kuzima. Aliona uchungu kwa ajili ya balbu.

Na jioni moja akamwona mwanamke anaoga mtoni, amempa mgongo, nywele zimefika kiunoni. Mwanga ulimvaa mwili mzima. Mwanamke akajikunyata, akasema bila kugeuka, "Zima, mwanangu. Nipite nichukue nguo yangu." Zaharin hakuzima. Alisimamisha gari, akatazama. Alitazama mpaka aliporidhika, ndipo akaondoka, na harufu ya langilangi ikaingia naye garini. Nyumbani hakusema kitu. Angeanzia wapi?

Tangu siku ile ya bafuni, mwanga ukawa wa Hidayu. Akibadili nguo, chumba kinawaka. Akijifunika shuka, mwanga unapita shuka. Vijana wakaanza kukaa uzioni kwa jirani, na kina mama wakapitisha maneno kwamba binti wa Zaharin ana mambo yake. Jumamosi ndiyo siku ambayo wazazi wa Fikri, kijana aliyetaka kumwoa Hidayu, walikuwa waje na masinia yao ya posa.

"Waambie wasije," Hidayu alimwambia mama yake, amejikunja pembeni, hajaoga siku kadhaa. "Nitakaaje mbele ya watu, mama? Mwanga ukiniwakia pale?"

Zaharin alisikia, akaenda kung'oa zile zenoni. Akazivunja kwa nyundo. Vikombe vya taa vikabaki vitupu. Magharibi ilipoingia, mwanga ukaja vile vile, mkali zaidi, na binti yake akapiga kelele vile vile.

Wakamwita Tok Jusoh, mzee mnene mwenye kikohozi, aliyekuwa akitoa mashetani wilaya nzima. Aliketi sebuleni, akafukiza ubani, akasoma dua. Hidayu alikaa katikati ya mama yake na shangazi yake, amefunikwa kanga juu ya kanga.

"Kuna mtu kamvunjia heshima huyu mwenye mwanga," Tok Jusoh alinong'ona. "Nani?"

Lela alimgeukia mumewe.

"Labda mimi, Tok," Zaharin alisema. "Sikuzima taa darajani. Unajua hizi balbu mpya, ukizizima…"

Hakumaliza. Chini ya sakafu, kule kwenye nguzo zilizoinua nyumba, ambako hulala kuku tu, kukasikika mtu anakamua nywele zenye maji, tone, tone, tone, na harufu ikapanda kwenye nafasi za mbao, langilangi na tope la mto, na mwanga ukaja nayo, ukapanda kutoka chini, ukapita mkeka, ukapita kanga ya kwanza na ya pili na ya tatu, mpaka Hidayu akaonekana mkono wake, bega lake, akajikunja akilia, "Mama nifunike, mama nifunike," na Lela akamlalia kwa mwili wake mwenyewe, na mwanga ukapita mwili wa Lela kama vile hayupo, na huko chini sauti ya mwanamke, ya upole kabisa, ikasema, "Zima, mwanangu."

"Anasema nini?" shangazi aliuliza. "Anamwambia nani?"

"Zaharin," Tok Jusoh alisema. "Mficha uchi hazai. Sema, mtoto wako anaumbuka."

Zaharin alitazama mkeka.

"Alikuwa anaoga," alisema. "Aliniomba nizime. Nikasimamisha gari nikamtazama."

"Ulijua kuwa ni jini?" Tok Jusoh aliuliza.

Hapo Zaharin angeweza kusema ndiyo. Angesema alipigwa bumbuwazi, alirogwa macho, na wote wangemwamini, hata mkewe. Akamwona Hidayu anahangaika kujiziba kwa mikono miwili isiyotosha.

"Hapana," alisema. "Nilidhani ni mtu. Nilidhani ni mke wa mtu tu."

Mwanga ukazimika. Chini kukatulia, kuku akalia mara moja, na harufu ikapungua kidogo kidogo mpaka ikabaki ya ubani peke yake. Tok Jusoh alishusha pumzi, akasema kesho Zaharin aende mtoni na kitambaa cheupe kipya, akiweke juu ya jiwe, aombe radhi, arudi bila kugeuka. Amekwenda huyo, alisema. Harudi. Akaomba maji ya kunywa, na hakuna aliyeinuka kumpa.

Shangazi aliwasha taa ya manjano. Lela hakumtazama mumewe. Hidayu alijitoa kwenye kanga zake taratibu, macho mekundu, akakaa wima.

"Baba," aliuliza, "na angekuwa mke wa mtu kweli? Mtu tu, asiyeweza kutufuata mpaka nyumbani. Ungesema?"

Zaharin alitafuta jibu, wallahi alitafuta, na kila neno alilolikuta lilikuwa la uongo.

Lela hakungoja jibu. Alichukua taulo, akamshika binti yake mkono, wakaenda bafuni wote wawili, na Zaharin akasikia mlango unafungwa kwa komeo.