Mfalme wa Mfereji

Elifuraha alikuwa mkulima hodari wa Old Moshi. Bei ya kahawa ilipoanguka, miaka ile ya tisini, hakukaa chini akalia. Alipanda nyanya kando ya migomba, miche mia tatu. Mumewe, Ebenezeri, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa huko tambarare. Alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo sabuni, chumvi na sare za watoto zilitegemea nyanya hizo.

Mwezi huo nyanya zilikuwa zimetoa maua, na jua lilikuwa kali. Jumanne, siku yake ya maji, Elifuraha alishika jembe akaenda kufungulia mfereji. Lo! Ulikuwa mkavu. Hata chura hakuwemo.

"Mae!" alilia. "Nyanya zangu zinakufa nikiziona!"

Shemeji yake, Fredy, alikuja mbio. "Mzee Elimringi amekukatia maji, shemeji. Anasema nyumba yako haikuja kwenye msaragambo."

Msaragambo ni kazi ya wote. Wanaume huzibua mfereji mpaka kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Wanaume tu, nasema! Mila ilimkataza mwanamke kukanyaga banioni, eti maji yatakimbia. Basi mume yuko kwenye miwa, mke haruhusiwi, na bado nyumba inapigwa faini ya debe la mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Elifuraha alikuwa amepika mbege ya faini mara tatu. Mara ya nne alikosa ulezi, ndipo akakatiwa.

Nani aliamua? Mzee Elimringi, peke yake. Babu yake ndiye aliyeanzisha mfereji, naye akaurithi kama mtu anavyorithi koti. Mkutano hakuitisha hata siku moja. Wapwa zake hawakushika jembe, lakini migomba yao ilikuwa inaogelea.

"Kesho asubuhi vijana tunavunja banio," Fredy alisema. "Na mzee tutamtia adabu kwa fimbo."

"Na mimi nakuja," Elifuraha alijibu. Hasira zilikuwa zimempanda.

Asubuhi walikutana njiani na jirani yao, Violet, mwalimu wa historia wa sekondari. Aliyatazama mapanga yao.

"Shikamoo, mwalimu," Fredy alisema.

"Marahaba. Mnakwenda vitani?"

Wakamweleza. Mwalimu Violet akaweka madaftari yake juu ya jiwe.

"Sikilizeni. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, Ufaransa ilikuwa na mfalme. Alisema amepewa utawala na Mungu, hivyo hakuna wa kumwuliza. Vita na anasa zikamaliza hazina. Mabwana wakubwa na viongozi wa dini walisamehewa kodi nyingi. Mzigo ukamwangukia mkulima. Kisha mavuno yakaharibika, mkate ukawa haushikiki."

"Hawakuwa na baraza?" Elifuraha aliuliza.

"Walikuwa nalo. Halikuitwa kwa miaka mia moja na sabini na tano! Lilipoitwa, makundi ya wakubwa yalitaka yabaki na kura mbili, na wananchi wote waliobaki wapate kura moja. Na watu walikuwa wameanza kusoma kwamba binadamu wote ni sawa. Wakachoka. Wakapindua."

"Mwalimu," Elifuraha alisema, "huyo mfalme ana undugu na Mzee Elimringi?"

Fredy aliangua kicheko. "Basi na sisi tupindue!"

"Taratibu, mdogo wangu. Haki za watu ziliandikwa, ni kweli. Lakini damu ilimwagika, hata ya wasio na hatia. Baadaye mtu mwingine akajivika taji. Ninyi mkivunja banio, nyanya zitakunywa nini? Mkimpiga mzee, mpwa wake atakalia kiti. Kinachowaumiza ni kwamba mmoja anaamua, wengi wanabeba, na hakuna pa kusemea. Tafuteni pa kusemea."

Elifuraha aligeuka. Hakurudi nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji kuomba mkutano. Wakapewa Jumamosi. Siku zote hizo alichota maji mtoni kwa ndoo, akanyweshea mche mmoja mmoja. Shingo ilimuuma mpaka akashindwa kuigeuza.

Jumamosi uwanja ulijaa. Elifuraha alisimama.

"Shikamoo, baba Elimringi. Sikuja kukutukana. Nisipokuja msaragambo, unanipiga faini. Nikija, mnasema nitakausha maji. Nifanye nini?"

Watu wakaguna. Mzee aligonga fimbo chini. "Mfereji huu ni wa babu yangu!"

"Aliuchimba peke yake, baba?"

"Hata! Alichimba na wenzake."

"Akina nani?"

Mzee Elimringi alijua historia, na hakuna mzee wa mlimani anayekataa kuisimulia. Alianza kutaja majina, akihesabu kwa vidole. Vidole vikaisha, akarudia tena na tena. Kila jina, mtu fulani uwanjani aliinua kichwa: huyo ni babu yake. Alipofika kwa babu yake Ebenezeri, sauti ilipungua. Akakaa.

"Walikuwa wengi," alisema.

Siku hiyo walichagua kamati ya watu saba, wanawake watatu. Sheria ziliandikwa zikasomwa kwa sauti. Kila nyumba ifanye kazi, mume au mke. Hakuna mpwa wa mtu. Mzee Elimringi aliombwa awe mshauri, maana hakuna aliyeujua mfereji kama yeye. Elifuraha akapewa daftari la zamu.

Msaragambo uliofuata, wanawake walifika banioni kwa mara ya kwanza. Maji hayakukimbia popote. Yalishuka yakipiga kelele hadi kwenye nyanya, na Elifuraha akalia kwa furaha bila aibu. Nyanya nyingi zilipona.

Wiki chache baadaye mtu alibisha hodi. Alikuwa Mzee Elimringi, kofia mkononi.

"Mwanangu, zamu yangu ya maji ni lini?"

Elifuraha alifungua daftari. "Alhamisi, baba. Baada ya Mama Jacob, yule mjane wa huku chini."

"Baada ya Mama Jacob!" mzee alifoka. Akatikisa kichwa. Kisha akavaa kofia yake.

"Haya, mwanangu. Nitasubiri."